Kiti cha Ndege ya Adrian

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimekaa uani kwa mdogo wangu Germana, hapa Endamarariek, tunachambua ngwara, na kuku wake wasio na adabu wanatuzunguka. Redio ya jirani inapiga kwaya. Nikamwambia Germana ngwara zake mwaka huu zina wadudu wengi kuliko wateja, naye akanijibu kama nimekuja kutukana maharage yake nirudi kwangu. Ndivyo tulivyo. Tumetoka tumbo moja na hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi.

Mwanae, Adrian, alikuwa kwenye chumba chake cha kazi, kile cha pembeni chenye dirisha la kioo. Harufu ya gundi yake ilinifikia mpaka uani, nikanyanyuka kwenda kumgombeza.

Adrian alikuwa mtu mzima, ila alizaliwa na pumu. Tangu mdogo alitaka kurusha ndege. Alipoenda kupimwa wakamwambia kwa mapafu yale asahau. Akapata kazi ya kutunza bustani kwa Mzungu mmoja mzee aliyekuwa na nyumba njia ya kwenda kreta, na mzee yule alipofungasha kurudi kwao akamwachia Adrian maboksi ya ndege za kuunganisha. Vile vindege vya plastiki vinavyokuja vipande vipande, unakata, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi. Maboksi yenyewe yalikuwa na umri mkubwa kuliko Adrian. Plastiki imekuwa ya manjano, inavunjika ukiikazia macho. Gundi ya mle imekauka kama ulimbo wa zamani. Na vibandiko vya nyota na namba, ukiviloweka majini, vinaachana kama ngozi ya kidonda.

"Mama mkubwa, usipige chafya hapo," akaniambia bila kugeuka. "Kipande kikiruka nitakitafuta mpaka Pasaka."

"Nije nipige chafya kwako, nimekosa pa kupiga?"

Akacheka, kile kicheko chake cha kukatika katika. Akanionyesha aliyokuwa anaimalizia. Sikuwahi kuona ndege ya hivyo. Nyeusi. Mwili mwembamba kama kalamu, mabawa marefu kama ya korongo. Akaniambia hizi zilikuwa ndege za majaribio, za zamani, za kupanda juu kuliko ndege zote, mpaka mahali ambapo mchana mbingu ni nyeusi na nyota zinaonekana.

"Huko hakuna hewa," akasema. "Rubani anavaa nguo iliyozibwa kila mahali. Ikitoboka, damu yake inachemka kama chai, na huku anaganda kwa baridi. Vyote kwa pamoja."

"Na wewe unavipenda vitu hivyo?"

"Ndiko nilikotaka kwenda."

Nikachungulia chini ya kioo chake kidogo, pale pa kukaa rubani. Kiti kilikuwa wazi. Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akasema kisanamu cha rubani kilipotea tangu kwa yule mzee, kwenye boksi hakimo. "Kitabaki wazi hivyo hivyo. Siwezi kumweka mtu nisiyemjua." Lilikuwa limebaki bawa la kushoto tu, limelala peke yake kwenye gazeti, linakauka.

Ndipo gari likasimama nje. Modest.

Huyu Modest alikulia hapa hapa. Yeye na Adrian walipata komunyo ya kwanza siku moja, wamevaa mashati meupe ya kuazima. Sasa ana duka la vinyago Karatu mjini, barabara kubwa, na ndiye aliyekuwa anauza vindege vya Adrian kwa wageni. Adrian anakohoa, Modest ananenepa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umevimba, Modest. Mnakula nini huko mjini, wageni?"

Akacheka kwa meno. Macho yake yalikuwa kwenye ile ndege nyeusi.

"Adrian, ndugu yangu, kuna mgeni kwenye loji kule juu ya kreta, anaitafuta hii dunia nzima. Nimeshampa neno langu."

"Neno ulilompa ni lako," Adrian akasema. "Ndege ni yangu. Hii siuzi. Hii namtundikia mama."

"Mama atafanya nini na ndege? Atakwenda nayo kisimani?"

"Ataiangalia."

Pale mezani kulikuwa na ile pampu ya Adrian, ya bluu, ya kuvutia dawa ya pumu. Modest akaiokota. Akaigeuza geuza vidoleni, polepole, kama mtu anayeangalia bidhaa. Kisha akairudisha.

Kesho yake tulikwenda misa. Adrian alibaki, kifua kilikuwa kimembana tangu asubuhi.

Tuliporudi, Germana alimwita mwanae mara ya kwanza, mara ya pili. Kimya. Jirani yetu Tluway ndiye aliyefika kwanza kwenye kile chumba, na ndiye aliyeona. Komeo la nje lilikuwa limefungwa, na kijiti kimepachikwa lisifunguke. Akakitoa. Mlango ulipofunguka harufu ya gundi ikatupiga usoni kama kofi. Kopo zima lilikuwa limemwagwa sakafuni. Adrian alikuwa amelala chini ya dirisha. Midomo ya bluu. Kucha za bluu. Dirisha lenyewe lina nondo, na kwa ndani, kwenye kioo, kulikuwa na alama za vidole vyake, kutoka juu zinashuka, zinashuka.

Ndege haikuwepo. Bawa la kushoto lilikuwa chini ya kifua chake. Amelilalia.

Na pampu? Pampu ilikuwa imewekwa kwa nje, kwenye kizingiti cha dirisha, imesimamishwa wima. Mahali ambapo mtu aliye ndani anaiona vizuri.

Wakaja wakubwa wa serikali, wakaandika pumu. Nikawaambia pumu haifungi mlango kwa nje. Wakaniambia bibi, pole, mwenye kufiwa huona mengi. Kile kijiti kilikuwa kimeshakanyagwa na waliokuja kulia. Basi. Tukamzika Adrian, na aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Modest. Alilia mpaka akashikiliwa.

Germana hakulia. Aliniambia, "Dada, tunakaa meeta."

Vijana wa siku hizi hawaijui tena. Sisi Wairaqw wa zamani, nyumba iliyopigwa na kifo kama hiki inatengwa. Waliofiwa hawaendi kwa watu na watu hawaingii kwao. Bakuli lako ni lako. Moto wako ni wako. Kitu cha nyumba ile hakitoki hata sindano, maana kikitoka kinatoka na kile kilichoingia. Mpaka muda uishe, nyumba isafishwe. Mimi nikajifungia naye. Nimeshazika mume na watoto, meeta itanifanya nini zaidi? Tukalala jiko la nyuma. Kile chumba cha Adrian tukakiacha kama kilivyo, mlango umerudishwa tu. Hakuna mtu wa hapa ambaye angekanyaga mle.

Halafu wanawake wakaja kuapiza. Kwetu inaitwa lo'o. Padre alikuwa amesafiri kwenda Mbulu. Mungu naye ana mipango yake. Walisimama nje ya uzio asubuhi, jua linapanda, kwa sababu neno lile hupelekwa na jua. Hutaji jina. Humjui aliyefanya, jua linamjua. Na kila jirani lazima awepo aitikie, maana asiyekuja amejitaja mwenyewe. Kwa hiyo Modest naye akaja na gari lake, akasimama nyuma pamoja na wanaume.

Germana akasimama mlangoni pa chumba cha mwanae. Mkononi alikuwa na lile bawa. Akaliinua juani. Alisema kwa sauti ndogo, watu wakalazimika kunyamaza ili wasikie.

"Aliyemnyima mwanangu pumzi, anyimwe pumzi."

"Iwe hivyo," wakaitikia.

"Apande alikotaka kwenda mwanangu."

"Iwe hivyo."

"Aione hewa kwenye kioo, asiifikie. Na asife."

Hapo wengine walisita. Hilo la mwisho halisemwi kwetu. Ila nilisikia sauti moja nzito ya kiume imeitikia peke yake, imeshazoea kuitikia. "Iwe hivyo." Kisha mwenye sauti akajishika koo, kana kwamba kameza kitu cha moto.

Watu walipoondoka, Germana akalitemea mate bawa lile, akaliweka dirishani, kwa ndani, linaonekana mpaka njiani.

"Wewe," nikamnong'oneza, "unamtegea nani?"

"Mwenye ndege hawezi kuiuza ina bawa moja," akasema. "Na anajua chumba hiki hakiingii mtu. Mwache aje."

Alikuja mchana kweupe, siku tuliyokwenda mtoni kufua vitambaa vyetu vya meeta. Tuliporudi kulikuwa na alama za tairi. Mlango uko wazi. Kwenye vumbi la chumba kulikuwa na nyayo za viatu zinaingia mpaka dirishani. Bawa hakuna. Germana akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nami nikaangalia vizuri zile nyayo. Za kuingia zilikuwa za mtu mmoja. Za kutoka zilikuwa za wawili, na wa pili hakuwa na viatu.

Haya yanayofuata niliyapata kwa Doreen, mke wa Modest. Ni binti wa Kimaasai wa kule Kakesio, mtu wa maneno machache, asiyejua kuongeza chumvi.

Anasema mumewe alirudi Karatu akaifungua ndege, ambayo alikuwa ameificha dukani nyuma ya vinyago, akaligundisha bawa. Ilipokamilika, mishumaa ya duka ikaanza kuwa na shida. Ukiwasha, inazima. Kiberiti hakishiki. Doreen akabandika chai kwenye jiko la gesi nyuma ya duka. Gesi yenyewe inawaka kwa kusuasua, mwali mdogo wa bluu, lakini maji yakachemka mara moja, mpaka yanamwagika. Akatia kidole. Vuguvugu. Yanachemka, yanarukaruka, na ni vuguvugu.

"Modest," akamwambia, "hii ndege umeitoa wapi?"

"Nyamaza."

"Masikio yangu yanaziba."

"Nimesema nyamaza." Damu ilikuwa inamtoka puani, naye hana habari.

Asubuhi yake akampigia Lembris, dereva wake, wampelekee mgeni mzigo wake huko juu. Lembris mwenyewe amekaa kwenye kigoda hiki hapa kwangu akanisimulia, mkono umefungwa kitambaa.

Wakapita geti la hifadhi vizuri. Wakapanda msituni. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa kreta tunaoujua wote, huoni pua ya gari. Modest amekaa kiti cha nyuma na boksi mapajani, mikono miwili juu yake. Wakafika ukingoni. Barabara ikawa tambarare.

"Lembris. Mbona bado tunapanda?"

"Tumeshafika juu, bosi. Hapa ni sawa."

"Tunapanda."

"Bosi, hapa hata baiskeli haihitaji breki."

"Angalia nje," Modest akanong'ona. "Angalia."

Lembris akaangalia dirisha lake. Ukungu mweupe. Akageuka kuangalia dirisha la Modest.

Lilikuwa jeusi. Na nyota.

Akakanyaga breki. Nyuma, Modest anavuta hewa. Inaingia sauti, hewa haiingii. Mdomo wazi. Midomo ya bluu. Lembris akaruka nje akazunguka kumfungulia mlango. Akashika kitasa. Ngozi ya kiganja ikanata pale pale kwa baridi. Akavuta mkono, ngozi ikabaki.

Mlango haukufunguka. Haukuwa umefungwa. Haukufunguka tu.

Modest alikuwa anapiga kioo. Ngumi zote mbili. Hakuna sauti. Macho yake hayakuwa yakimtazama Lembris. Yalikuwa yanatazama kitu nyuma ya bega la Lembris, karibu, kwa nje ya kioo. Kitu anachokitaka. Lembris hakugeuka. Alisema, "Bibi, nilisikia mtu ananipumulia shingoni. Pumzi ya kukatika katika. Sikugeuka."

Kioo kikajaa ukungu kwa ndani. Vidole vikateleza. Kutoka juu, vinashuka.

Kisha mlango ukafunguka wenyewe.

Hapakuwa na mtu. Kwenye kiti palikuwa na barafu nyembamba kama ile ya friji, na chini viatu vya Modest, kamba zake zimefungwa vizuri. Boksi liko wazi, tupu. Juu, ndani ya ukungu, Lembris alisikia sauti ndogo, kama ya nyuki mmoja, inapanda. Inapanda. Mpaka ikaisha.

Askari wa hifadhi wakatafuta msitu mzima. Wakasema nyati. Walipopita kutuhoji, nikawauliza toka ndani ya uzio nyati gani anayemvua mtu viatu bila kufungua kamba. Wakaniambia bibi, pole. Wanapenda sana kuniambia pole.

Meeta yetu ikaisha. Wanawake wakaja na samli na maji, tukanyolewa, nyumba ikafagiliwa. Germana akasema kile chumba tutaingia kwanza sisi wawili. Akasukuma mlango.

Ndege ilikuwa inaning'inia darini kwa uzi wa kuvulia samaki, katikati ya chumba, mahali ambapo Adrian alikuwa ameshagongomea msumari wake. Nyeusi, mabawa yote mawili, vibandiko vyake vizuri. Hakuna upepo mle ndani, lakini ilikuwa inazunguka polepole.

Nikavaa miwani. Nikachungulia chini ya kioo kidogo.

Kiti hakikuwa wazi.

Kisanamu ni kidogo kuliko punje ya ngwara. Kimekaa. Hakina nguo ya kuzibwa. Kina tumbo, kina shati la dukani, na miguu yake haina viatu. Mdomo wake uko wazi. Adrian hakuwahi kuchonga sanamu, na kioo kile kimegundishwa pande zote. Nilipitisha ukucha wangu, hamna mwanya.

Germana alitazama kwa muda mrefu. Hakushangaa. Akatoka, akarudi na ile pampu ya bluu. Akapanda kigoda, akaifunga kwa uzi ikaning'inia mbele ya pua ya ndege, karibu kabisa na kioo. Kwa nje. Akashuka akajipangusa mikono.

Doreen alikuja baada ya mazao kuingia ndani. Alikuwa amesikia. Alisimama chini ya ndege ile, akainua uso, na nikaona rangi inamtoka kama maji kwenye kitambaa. Kisha akanong'ona, kama aogopaye kusikiwa na aliye ndani.

"Mama. Mfungulie."

"Nani?" Germana akasema.

"Unajua nani."

"Mwanangu naye alimwomba hivyo hivyo, kwenye dirisha lile pale. Alimwomba kwa jina." Germana akamshika Doreen mkono, kwa upole kabisa, kama mkwe. "Umekula? Kuna makande."

Doreen hakula. Alirudi Kakesio kwao, kwa ng'ombe wa baba yake, na duka lile sasa wanauza vocha.

Wengine wamemwambia Germana aichome, au aipeleke kanisani. Watu wana kazi kidogo siku hizi. Mwanae alisema atamtundikia mama yake, nayo imetundikwa. Anaiangalia kila jioni akimaliza kukamua, kama Adrian alivyosema ataiangalia. Mimi siku ya Jumamosi ninaingia kumfutia vumbi, kwa sababu magoti ya Germana hayapandi kigoda tena, na yangu bado yana kiburi.

Jumamosi iliyopita nilipanda na kitambaa changu. Kile kioo kidogo kilikuwa na ukungu. Nikafuta. Nikafuta tena. Ukungu haukutoka, maana haukuwa upande wangu. Nikasogeza jicho. Ulikuwa unapungua na kurudi, unapungua na kurudi. Na katikati yake kulikuwa na mistari myembamba kuliko unywele, mitano, kutoka juu inashuka.

Nikaisogeza pampu karibu kidogo, aione vizuri. Kisha nikashuka kwenye kigoda nikaenda kuchambua ngwara.